Mkono Usioshika

Anayemfundisha mzee asianguke utamtambua kwa mahali anapoiweka mikono yake. Aliyeanza kazi jana hushika. Humkamata mzee kwapani, humwegemeza kifuani pake, na mzee hutembea vizuri kabisa, kwa sababu anayefanya kazi ya kutembea ni yule aliyemshika. Aliyekomaa hashiki. Mikono yake hukaa wazi usawa wa mbavu, mmoja mbele na mmoja nyuma, shibiri moja kutoka mwilini mwa mzee, na hukaa hapo muda mrefu bila kugusa kitu. Mzee akiyumba, mikono haimrukii papo hapo. Inangoja kidogo. Katika kitambo hicho mguu wa mzee hukumbuka kazi yake: unachomoka, unakanyaga, unazuia. Mwenye pupa ya kusaidia humnyang'anya mzee nafasi hiyo, na mzee hurudi kitini akiwa hajajifunza lolote isipokuwa kwamba hawezi.

Nimeitazama mikono ya aina hiyo Usagara, wilaya ya Misungwi, uani kwa familia moja karibu na njia panda, pale barabara ya Mwanza kwenda Shinyanga inapoachana na ile ya Kigongo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, malori ya Sengerema na Geita hayapangi tena foleni ya kivuko, na honi zake zilitufikia uani kana kwamba zimeamua kulipiza miaka yote ya kusubiri. Mwenye mikono ni kijana mwenye stashahada ya fiziotherapia. Mtaani wanamwita daktari wa mazoezi, naye amechoka kuwasahihisha. Anayefundishwa ni bibi aliyeipita miaka 75, mjane, ambaye msimu mmoja wa mvua aliteleza akielekea chooni, akavunjika mkono karibu na kiganja. Mfupa uliunga vizuri. Woga ndio uliobaki.

Kijana huanza na salamu, na kama huijui kazi yake utadhani ni adabu tu. "Mwangaluka, mayu." Bibi anaitikia, na kama ilivyo Usukumani salamu haiishi hapo, inapita kwa watoto, inapita kwa mifugo, inafika kwenye mvua. Wakati huo wote macho ya kijana yako kazini. Bibi ameinuka kwenye kigoda mara moja, au amejaribu, akarudi, akajaribu tena? Amejisukuma kwa viganja juu ya mapaja? Alipogeuka kumtafutia mgeni kiti, aligeuka kwa hatua mbili au kwa vihatua vingi vidogo? Anatazama mbele, au anachunga vidole vya miguu yake? Ndala zinaburuzika? Kitenge kimefungwa chini mno? Kufikia "na ng'ombe hawajambo?" ameshapata nusu ya anayoyahitaji, na bibi hajajua kwamba anapimwa. Asijue, ndiyo heri. Mzee akijua anapimwa hutembea kwa madaha ambayo saa mbili usiku hatakuwa nayo.

Kipimo chenye saa huja baadaye. Kiti cha kawaida, alama ya mita 3 mbele yake, simu mkononi: inuka, nenda, geuka, rudi, kaa. Diane Podsiadlo na Sandra Richardson wa Montreal, Kanada, walikieleza mwaka 1991, na kimeenea duniani kwa sababu hakidai kitu chochote ambacho zahanati ya kijijini haina. Anayezidi sekunde 12 huangaliwa kwa makini. Bibi alizizidi, tena kwa mbali. Lakini kijana hakuandika sekunde peke yake. Aliandika mahali zilipopotelea. Zingepotelea kwenye kuinuka, kazi ingekuwa ya mapaja. Zilipotelea kwenye kugeuka, pale penye alama, ambapo bibi alisimama kwanza, akatafuta kitu cha kushika hewani, ndipo akaanza kuuzungusha mwili vipande vipande. Basi somo la siku ile likawa kugeuka, na saa ikarudi mfukoni.

Binadamu aliyesimama wima hajatulia hata kidogo. Anayumba muda wote, kidogo mno hata hajijui, na mwili humrudisha katikati kwa taarifa zinazotoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo vya miguu. Moritz Romberg, daktari wa Berlin wa karne ya 19, ameacha jina lake kwenye kipimo kinachozitenganisha. Unabana miguu pamoja, unaweka mikono kando, unafumba macho. Mtu ambaye nyayo zake zimepoteza hisia ataanza kuyumba mara tu kope zikigusana, kwani muda wote alikuwa anasimama kwa kuona. Katika wilaya hiyo hiyo ya Misungwi kuna Bukumbi, penye makazi ya wazee yaliyowapokea pia watu walioathirika na ukoma, na ukoma huharibu neva za miguu. Kisukari nacho hufanya vivyo hivyo, ila polepole na bila kutangaza. Mwenye nyayo za namna hiyo mchana anatembea bila shida. Shida ni usiku, umeme ukikatika, choo kikiwa nje upande wa pili wa ua. Bibi wa Usagara hufanyiwa kipimo cha Romberg kila anapoamka saa nane usiku na kukosa tochi.

Na ardhi ya kanda hii haisaidii. Mwanza mjini, nyumba za Mabatini, Igogo na Bugarika zimepanda juu ya majabali, na njia nyingine za kuzifikia ni ngazi za mawe zisizolingana kimo hata mbili. Huku chini, udongo mweusi wa mbuga ukilowa hauaminiki kwa mguu wa kijana, sembuse wa mzee. Hata hivyo, ukiuliza kwa nini bibi alianguka, jibu la kwanza utakalopewa ni fupi: uzee. Linatolewa kwa upole, na linafunga mazungumzo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na waliovuka miaka 60 ndio wanaokufa zaidi kwa njia hiyo. Sensa ya 2012 ilikuta Watanzania wapatao milioni 2.5 wa umri huo. Ni watu wengi mno kuwaachia jibu la neno moja.

Jibu hilo lina ndugu yake, nalo ndilo linalompa kijana wetu kazi ngumu kuliko mazoezi yenyewe: "Kaa tu, bibi, tutakuletea." Baada ya mkono kuvunjika, mkwe wa nyumba hii, mama mmoja mchapakazi na mwenye huruma, alimkataza bibi kuchota maji, akamkataza kufagia, akamkataza kwenda gulioni. Uji uliletwa kigodani. Maji ya kunawa yaliletwa kigodani. Majirani walimsifu mkwe, na walikuwa na haki ya kumsifu. Lakini paja lisilotumika hupungua, na uzeeni hupungua haraka kuliko linavyorudi. Tena hupungua kwa upendeleo: nyuzi za msuli zenye wepesi, zile zinazouwahisha mguu mbele mtu anapojikwaa, ndizo hutangulia. Mzee anayekaa ili asianguke anapoteza kile kile ambacho kingemzuia asianguke. Siku akilazimika kuinuka, ataanguka, na familia itasema, si unaona, tulimwambia akae.

Kumwambia mkwe wa namna hiyo kwamba wema wake unamdhoofisha mama mkwe, mbele ya mama mkwe mwenyewe, kunataka ulimi wa kipekee. Kijana hakumkosoa hata kwa neno moja. Alimshukuru kwa utunzaji, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeandika cheti, kwamba bibi sasa anatakiwa aanze dawa, na dawa ya kwanza ni ufagio, asubuhi kabla ya chai, sehemu ya ua iliyo kati ya mlango na mwembe. Mkwe akauliza, "Wiki ngapi?" Kijana akajibu kwamba ni kama dawa ya presha, haina mwisho. Mkwe akacheka, bibi akatazama pembeni akificha furaha, na ufagio ukarudi kwa mwenyewe. Vyuo vya fiziotherapia, kuanzia kile cha KCMC Moshi kilichowalea wengi wa taaluma hii nchini, hufundisha misuli na neva kwa kina. Sijui ni katika somo gani walimfundisha huyu namna ya kumrudishia mzee ufagio bila kuvunja nyumba.

Ushauri ambao wazee husikia zaidi, hata kutoka kwa watu wa afya, ni "tembeatembea." Si ushauri mbaya kwa moyo na kwa sukari. Kwa kuanguka hautoshi. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2019, yaliyoongozwa na Catherine Sherrington wa Sydney, yalikusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000 na kukuta kwamba mazoezi hupunguza maanguko kwa takriban asilimia 23. Yaliyobeba ushahidi huo hasa ni mazoezi ya kujimudu wima na ya kazi za kila siku kama kuinuka kitini. Kwa kutembea peke yake ushahidi ulikuwa haba. Sababu si ngumu kuiona ukishamtazama kijana akifanya kazi. Mwili haujifunzi kujizuia mahali ambapo haujawahi kuhitaji kujizuia. Mzee anayetembea taratibu kwenye njia aliyoizoea hafiki kamwe kwenye ukingo wa kuanguka. Fundi ndiye anayempeleka huko, makusudi, kwa dozi. Dozi ikiwa ndogo haifanyi kazi, ikizidi inavunja nyonga. Ufundi wote umo katika kuijua dozi ya mzee huyu, asubuhi hii, baada ya usiku aliolala au asiolala.

Tazama anavyoipanda. Bibi anasimama karibu na nguzo ya baraza, viganja vyote viwili juu yake. Kisha kiganja kimoja. Kisha vidole. Kisha kidole kimoja, shahada, kinachogusa nguzo tu bila kuiegemea, na hapo ndipo utashangaa, kwa sababu kidole kimoja kisicho na nguvu yoyote humtuliza mtu karibu sawa na mkono mzima: hakimshikilii, kinampa habari tu za mahali alipo. Kisha kidole kinaondolewa. Miguu nayo ina ngazi zake: kwanza imeachana, halafu imebanana, halafu kisigino cha mmoja kandokando ya kidole gumba cha mwingine, halafu mmoja mbele ya mwenzake kwenye mstari mmoja, mwisho mguu mmoja hewani. Sakafu nayo ina ngazi: saruji, mkeka uliokunjwa, godoro chakavu, nyasi, na siku moja, mvua ikishanyesha, ule udongo wenyewe. Kijana habadilishi vitu viwili kwa mpigo. Akiondoa kidole, miguu hubaki ilivyokuwa. Akibana miguu, kidole kinarudi. Nilimwona akitaka kupanda ngazi moja, akautazama uso wa bibi, akaghairi. Nilipomuuliza baadaye alisema ameona anabana meno.

Wenzake wa mbali walishaupa utaratibu wa namna hii jina na vitabu. Huko Dunedin, New Zealand, katika miaka ya 1990, John Campbell na Clare Robertson wa Chuo Kikuu cha Otago na wenzao walitunga mazoezi ya nyumbani yanayofundishwa na mfiziotherapia au muuguzi anayemtembelea mzee mara chache tu, kisha mzee anaendelea mwenyewe. Kukunja na kunyoosha goti ukiwa na uzito kifundoni, kusimama kwa visigino, kusimama kwa vidole, kutembea kinyumenyume, kutembea kwa umbo la nane, kuinuka kitini. Majaribio yao manne yalihusisha watu 1,016, na maanguko yakapungua kwa asilimia 35. Uzito wao wa kifundoni ni mkanda maalumu wa dukani. Wa bibi ni soksi mbili za mjukuu zilizojazwa mchanga wa ziwa na kufungwa kwa kamba ya katani, na kijana ameipima kila moja kwenye mizani ya muuza dagaa ili zilingane.

Hapo kuna jambo ambalo Dunedin hawakuwa nalo. Bibi, kama wanawake wengi wa rika lake, alibeba ndoo kichwani kwa zaidi ya miaka hamsini. Asubuhi moja kijana alichoka kumwambia anyanyue macho. Kila akitembea, kidevu kilishuka na mgongo ukamfuata. Akaomba kindoo kidogo cha plastiki, akatia maji ya vikombe viwili hivi, akakiweka juu ya kata ya kanga kichwani pa bibi. Alitaka tu kuona. Shingo ikanyooka. Mabega yakarudi nyuma. Macho yakaondoka ardhini yakaenda mbele, kwenye geti, na nyonga zikaanza kuyumba upande huu na huu katika ule mwendo ambao kila mtu aliyekulia kando ya ziwa anaufahamu, kichwa kikiwa kimetulia tuli na kazi yote ikifanyika chini ya kiuno. Alivuka ua mzima. Kijana alimfuata nyuma na mikono yake ile iliyo wazi, mdomo nao ukiwa wazi vilevile. Tangu hapo kindoo kimeingia kwenye orodha, na maji yanaongezwa kwa kikombe, si kwa jagi.

Sasa akili. Kijana alichora mstari mchangani kwa fimbo, kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe, akamwambia bibi autembee huku akitaja samaki wa ziwani. Bibi alianza kwa dharau. Sangara, sato, dagaa, hao walitoka hatua kwa hatua bila kusita. Furu. Gogogo. Ningu. Kisha akamtafuta mwingine na hakumpata mara moja, na miguu ikasimama. Ikasimama kabisa, mmoja mbele na mmoja nyuma juu ya mstari, mpaka alipopata: "Kamongo!" Ndipo ikaondoka tena.

Kwa mtazamaji wa kawaida ni kichekesho. Kwa kijana ilikuwa habari kubwa kuliko sekunde zote za simu yake. Mwaka 1997, Lillemor Lundin-Olsson na wenzake wa Umeå, Sweden, walichapisha jambo waliloliona kwa wazee 58 wa makazi ya wazee: baadhi yao, ukianza kuzungumza nao wakitembea, husimama ili wajibu. Walikuwa 12. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao walianguka. Kutembea, ambako ujanani hufanyika pasipo kufikiriwa, uzeeni huanza kuomba sehemu ya fikra, na fikra zikiitwa kwingine miguu hubaki yatima. Hebu fikiri maana yake kwa mtu anayevuka barabara pale njia panda ya Usagara: bodaboda kushoto, bajaji kulia, kondakta wa Hiace akimwita "bibi, mjini, mjini," na jirani akimsalimia kutoka ng'ambo, akingoja kuitikiwa.

Kwa hiyo kijana huifundisha miguu na akili pamoja, tena kwa ngazi zile zile. Kwanza samaki, ambao bibi anawajua. Halafu majina ya wajukuu kwa kufuata kuzaliwa. Halafu hesabu ya kurudi nyuma, 50, 47, 44, na hapo bibi hugoma, kwa kuwa hakuipenda hesabu hata alipokuwa msichana. Kijana akageuza: nilikuwa na shilingi elfu kumi, nimenunua dagaa wa elfu mbili na mia tano, nyanya za mia nane, nimebaki na ngapi? Bibi, aliyeuza dagaa gulioni miaka mingi, alijibu bila kupunguza mwendo, akaongeza kwamba dagaa wa bei hiyo lazima wana mchanga. Hesabu ni ile ile. Aliyeifungua ni yule aliyejua mlango wake uko wapi.

Nchini kwetu kazi ya kuuamsha ubongo wa mzee kwa vikundi imeshafanyiwa majaribio. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza waliirekebisha tiba ya vikao 14 vya mazungumzo, michezo na kumbukumbu kwa wazee wenye tatizo la kusahau, wakatumia mambo ya mahali hapo badala ya yale ya London, na matokeo yake yaliyochapishwa 2017 yalionyesha nafuu. Usagara hakuna kikao. Kuna bao, chini ya mti, na kuna babu wawili ambao kijana amewashawishi wacheze wamesimama, ubao ukiwa juu ya meza ndefu, kila mmoja akikanyaga mkeka uliokunjwa mara nne. Kuhesabu kete, kukumbuka mashimo ya mpinzani, kuinama, kunyoosha mkono hadi shimo la mwisho na kurudi bila kuegemea meza: sijaona kifaa cha hospitali kinachodai vitu hivyo vyote kwa wakati mmoja. Babu mmoja analalamika kwamba tangu asimame anafungwa. Kijana anasema hiyo ndiyo maana yake.

Vivyo hivyo kwa ngoma. Mjini Geneva, Andrea Trombetti na wenzake waliwachukua wazee 134, wakawapa somo moja kwa wiki la kutembea na kugeuka kwa kufuata piano inayobadilika ghafla, kwa njia aliyoibuni mwalimu wa muziki wa Uswisi, Émile Jaques-Dalcroze. Katika miezi 6 maanguko yalipungua kwa karibu nusu, kama walivyoripoti mwaka 2011. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana mtu anayetoka upande huu hawezi kuisoma asikumbuke Bujora, pale Kisesa, ambapo Padri David Clement kutoka Kanada alianzisha makumbusho ya Wasukuma, na ambapo kila Juni, sikukuu ya Bulabo, vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Katika ngoma ya bugobogobo mchezaji ana jembe mkononi. Analirusha, analizungusha, anainama hadi chini, anainuka kwa mdundo, na ngoma haimwambii mapema itageuka lini. Geneva walipima piano, hawakupima jembe. Lakini kijana hakungoja ripoti. Ana spika ndogo ya simu, anapiga ngoma anazozijua bibi, na anazizima katikati bila kumwonya. Bibi anatakiwa kusimama palepale, mguu ulivyo. Ziliporudi, bibi alianza kwa kugeuka. Aligeuka kwa hatua mbili.

Nisije nikamfanya kijana huyu kuwa mganga wa kila kitu. Yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuikataa sifa hiyo. Mzee anayeona ukungu kwa sababu ya mtoto wa jicho anahitaji upasuaji kabla ya mstari wa mchangani. Anayepata kizunguzungu kila akisimama, aliyeongezewa vidonge vya presha bila kupimwa akiwa wima, anahitaji daktari azitazame dawa zake upya. Hao huwaandikia rufaa, na wengine huishia Bugando, hospitali ya kanda iliyojengwa juu kabisa ya kilima, ambayo mzee mwenye miguu mibovu huifikia kwa kupanda. (Kila mkazi wa Mwanza ameshalitolea mzaha jambo hilo, nami sikuweza kujizuia.) Mengine huyamaliza kwa mkono wake: kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi chooni ya kushika usiku, chokaa nyeupe kwenye ukingo wa kizingiti, ndala kubadilishwa kwa raba za mitumba zenye kisigino kilichofungwa. Anayafanya haraka, bila maelezo mengi, kisha anarudi kwenye kazi anayoipenda.

Na kazi anayoipenda kuliko zote, ambayo wazee wengi huichukia, ni ya kulala chini. Maana hata aliyefundwa vizuri ataanguka siku moja, na wengi wanaoanguka bila kuvunjika chochote hushindwa kuinuka, wakalala sakafuni saa nzima au usiku kucha hadi mtu aje. Bibi alikataa katakata. Mtu mzima kugaagaa chini mbele ya mkwe na watoto wa jirani? Kijana hakubishana. Akavua viatu, akalala yeye mwenyewe kwenye mkeka, chali, na shati lake la kazini, akaanza kujiinua polepole akitaja kila hatua: geuka ubavu, jisukume kwa kiwiko, piga magoti kwa mikono na miguu, tambaa hadi kwenye kigoda, viganja juu ya kigoda, mguu wenye nguvu mbele, inuka. Kisha akamfundisha bibi kuanzia mwishoni. Siku ya kwanza ilikuwa hatua ya mwisho peke yake, kutoka goti moja hadi kusimama, mkwe akiwa ametumwa jikoni kwa kisingizio cha chai. Siku nyingine goti la pili likaongezwa. Kila mara bibi alimalizia na kusimama; hakuna somo lililomwacha chini.

Siku niliyokuwapo walifika kwenye kulala. Bibi alishuka akinung'unika Kisukuma, maneno ambayo kijana alijifanya hayasikii. Akageuka ubavu. Kiwiko kikashika. Magoti yakafuata, akatambaa, viganja vikafika kigodani. Hapo akakwama. Kwa mujibu wa kitabu mguu wenye nguvu ndio utangulie, na mguu wenye nguvu wa bibi ni wa kulia. Lakini goti la kushoto, likibaki peke yake chini, linauma, alisema, linauma vibaya, na mtu akiumwa hawezi kuinuka hata kitabu kiseme nini. Kijana alichutama pembeni yake, mikono ile ile shibiri moja kutoka mbavuni, akafikiri. Akamwambia mkwe alete mto wa kuweka chini ya goti. Bibi akasema mto utamtelezesha. Kijana akapendekeza mguu wa kushoto utangulie. Bibi akajaribu, akarudi.

"Basi, mayu, wewe ungefanyaje?"

Bibi akatazama huku na huku, akaonyesha kinu kilichokuwa karibu na mlango wa jiko, kizito na kirefu kuliko kigoda. Kijana akakiburuza hadi mkekani, akakitikisa kuona kama kinayumba, akarudi mahali pake.